Ufuo Mtupu wa Kapteni Dudek

Bonifacy Dudek hakuwa kapteni wa chombo chochote. Bahari ilimtia kichefuchefu hata akiitazama dirishani. Lakini kofia ya ukapteni alikuwa nayo, nyeupe pe, yenye nanga ya dhahabu mbele, aliyoipata kwa njia ambayo haitusaidii kuichimba. Na mji wa Morzyca una desturi ya kuiheshimu kofia kabla ya kukiheshimu kichwa kilicho chini yake. Basi watu wakamwita Kapteni, naye akaitika.

Asubuhi moja ya Julai, Kapteni alikuwa ameegemea kibanda cha Bi Grażyna, mjane muuza gofri, ile mikate ya vishimo inayookwa kati ya vyuma viwili vya moto, anakula gofri ya moto yenye krimu na matunda meusi ya msituni, ambayo hakuilipia. Mdomo ukiwa umejaa, akamchumbia.

"Tuoane, Grażyna."

"Futa krimu kwanza," akasema Grażyna, akimimina rojo la unga kwenye chuma. "Mwanamke wa umri wangu hachumbiwi na mtu mwenye masharubu ya maziwa."

Akafuta. "Haya. Tuoane."

Grażyna akashusha upawa. Alikuwa mwanamke mpana wa mabega, mwenye macho ambayo hayakuhitaji sauti kumfukuza mtu. "Nisikilize, Bonifacy. Kila majira ya joto nasimama hapa nikiona watu uliowauzia vitu wakirudi kukutafuta. Mmoja na mwavuli. Mwingine na mumewe. Yule wa mwaka jana alikuja na kasia! Sijaona hata mmoja aliyerudi kukushukuru. Niletee mmoja tu. Asimame hapa mbele ya chuma changu, akutazame usoni, aseme asante. Siku hiyo naolewa nawe."

"Mmoja tu? Hiyo ndiyo mahari?"

"Mmoja. Na ufanye haraka, maana Ryszard seremala ameniuliza mara mbili, na yeye meno yake yote anayo."

Kapteni akacheka, kisha akaacha kucheka. Alikuwa amewahi kumuuzia mtu mmoja saa ya jua iliyochongwa kwenye jiwe, akamtoza zaidi kwa ajili ya betri. Aliwahi kukodisha kivuli cha mnara wa taa. Lakini asante? Fedha humtoka mtu mfukoni; asante humtoka moyoni, na Bonifacy Dudek alikuwa fundi wa mifuko.

Ndipo Mungu, au yule mwingine, akamletea familia ya Kosiba.

Walikuwa wamesimama pale mchanga unapoanzia, na taabu yao ilionekana kutoka mbali. Mwezi wa Januari ufuo wa Morzyca ni wa theluji na shakwe tu; mwezi wa Julai si ufuo, ni kamba ya nguo. Kila familia huja alfajiri na viwambo vyake vya upepo, vile vitambaa vya mistari vilivyoshonewa vijiti. Huvipigilia mchangani, hujimegea uwanja kama wa mwenye mashamba, kisha hurudi kulala. Jua likichomoza, hakuna pa kuweka hata soksi. Anayefika baada ya chai hutazama bahari kwa kusimuliwa tu.

"Nilisema tuje mapema," alikuwa akisema Sabina Kosiba, huku watoto wawili wakivutana ndoo.

"Mapema ya saa ngapi? Usiku wa manane?" akajibu mumewe, Hubert, daktari wa meno kutoka Kielce, aliyebeba mwavuli, sanduku la barafu na mamba wa mpira. "Mwaka mzima nasikiliza watu wakipiga mayowe, Sabina. Mwaka mzima! Niliomba juma moja tu la kimya. Tazama! Yule mtu amenikanyaga na hata hakuomba radhi, kwa sababu hana pa kuuweka mguu!"

Nyuma yao, juu ya kiti cha kukunja alichokuja nacho mwenyewe, aliketi Bibi Leokadia, mamake Sabina, akifuma soksi. Yeye hakulalamika. Alitazama umati ule kama mtu anavyotazama picha za ujana wake.

Kapteni alirekebisha kofia, akasogea kwa mwendo wa mtu aliyezoea sitaha.

"Bwana daktari," akasema kwa sauti ya chini.

Hubert akashtuka. "Umejuaje mimi ni daktari?"

"Umewatazama watu wote hawa mdomoni." Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. "Mnatafuta ufuo usio na watu?"

"Haupo."

"Haupo kwenye ramani," akasema Kapteni. "Ulikuwa wa jeshi. Enzi zile ukipita msitu ule wa misonobari ulipigwa risasi kwanza, ukaulizwa jina baadaye. Jeshi likaondoka, ramani zikabaki na doa jeupe. Mchanga kama sukari. Watu, hakuna. Ufunguo wa mahali pale, kwa namna ya kusema, ninao mimi."

Msomaji mwenye akili ameshajua: ufuo ule ulikuwa wa serikali, wazi kwa kila kiumbe mwenye miguu, na ulikuwa mtupu kwa sababu tu mtu wa Morzyca hawezi kutembea nusu saa msituni, penye nguruwe mwitu, kwenda mahali pasipouzwa samaki wa kukaanga. Lakini Hubert Kosiba hakuwa na akili wakati huo. Alikuwa na tamaa, na tamaa haina masikio. Hakutaka tu kupumzika. Alitaka kuwa na kitu ambacho watu hawa wote wenye viwambo hawakuwa nacho.

"Juma zima?" akauliza. "Peke yetu?"

"Peke yenu. Ukiona uso mmoja mgeni, nakurudishia fedha zako zote."

"Weka mkono kwenye nanga hiyo uape."

Kapteni akaweka mkono kwenye nanga ya kofia, akaapa. Wakapatana bei, bei ambayo Sabina alipoisikia alikaa juu ya mamba.

"Na sharti moja," akasema Kapteni akizipokea fedha. "Mwisho wa juma, mtakuja pale kwenye kibanda cha gofri, mbele ya yule mama, mniambie asante."

"Hilo tu?" akasema Hubert. "Tutakuimbia!"

Bibi Leokadia akaacha kufuma. Alimtazama Kapteni kuanzia nanga hadi chini, akatulia kwenye miguu.

"Kapteni," akasema, "mbona viatu vyako havina alama ya chumvi?"

"Navisafisha, bibi. Nidhamu ya chombo."

"Hm," akasema Bibi Leokadia, akarudi kwenye soksi yake. Lakini jioni ile aliaga kwamba anakwenda kutafuta gofri, na akakaa huko kitambo. Mwizi anayeiba fedha alikuwa amemwona mara nyingi. Mwizi anayedai asante hakuwahi kumwona, akataka kujua ugonjwa huo unaitwaje.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri. Walipita msituni, watoto wakala matunda hadi ndimi zikawa za zambarau, wakatokea juu ya kilima cha mchanga. Na pale chini, kweli kabisa, hapakuwa na mtu. Bahari ya kijivu, mchanga mweupe, shakwe wawili wanagombana. Hubert alivua viatu, akalia machozi kidogo.

"Sikiliza," akamwambia mkewe.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo hicho!"

Kapteni, aliyewasindikiza, alijiona tayari yuko madhabahuni. Ndipo kwa mbali akatokea mwanamume na mbwa.

"Nini kile?" akauliza Hubert.

"Mkaguzi wa mchanga," akasema Kapteni bila kupepesa. "Huyo hahesabiki, ni wa serikali. Mbwa ndiye anayenusa."

Hubert akakubali kwa shida. Saa moja baadaye, kutoka upande wa pili, akaja mzee mmoja anatembea polepole kando ya maji, mikono nyuma, uchi wa mnyama.

"Na yule?" akauliza Sabina, akiwafunika watoto macho, si yake.

"Mkaguzi wa maji."

"Mbona hana nguo?"

"Sare yao hairuhusiwi kulowana, mama."

"Kapteni," akasema Hubert, "nyuso ni mbili sasa. Sitaki wakaguzi. Wekea mpaka mali yangu, ama sivyo nitakwenda kumweleza yule mama wa gofri wewe ni mtu wa namna gani."

Kapteni akaona sura ya Ryszard na meno yake yote. Akasema, "Kesho asubuhi pataeleweka."

Jioni nzima alihangaika. Aliazima viwambo katika nyumba za wageni, akaokota vilivyosahauliwa ufuoni, vingine aliviokota kabla havijasahauliwa. Alfajiri akavipigilia kwenye ufuo wa jeshi, akazungusha duara kubwa kama uwanja wa sarakasi, na katikati akawaweka akina Kosiba na mamba wao. Akaacha mwanya mmoja wa kupitia. Akasimama juu ya kilima akaitazama kazi yake, akaona ni njema.

Ole wake. Mahali pengine duniani mtu akiona ua husema, "Kuna mwenyewe," akapita. Lakini watu wa nchi hii walilelewa, au walizaliwa na waliolelewa, katika miaka ile ambapo maduka yalikuwa na rafu na rafu hazikuwa na kitu. Walifundishwa kutoka tumboni kwamba mahali palipozungushwa, na mtu akakaa mlangoni, kuna kitu kitatolewa. Ulikuwa unasimama kwenye foleni kwanza. Kuuliza ni baadaye. Kapteni alikuwa amepigilia mchangani tangazo kubwa kuliko kengele ya kanisa.

Na mlangoni, penye mwanya, alikuwa ameketi Bibi Leokadia, juu ya kiti chake cha kukunja, anafuma. Enzi zile za rafu tupu, bibi huyu alikuwa akisimama kwenye foleni kwa niaba ya watu wengine, kwa malipo: foleni ya nyama, ya viatu, ya makabati. Binti yake alisomeshwa na foleni.

Wa kwanza kupita alikuwa mama mmoja mwenye ndoo ya matunda. Aliona viwambo, akasimama kama aliyeitwa jina.

"Samahani, bibi. Wanatoa nini hapa?"

Bibi Leokadia hakuinua macho. "Bado hawajatangaza."

Yule mama akaweka ndoo chini. "Wa mwisho ni nani?"

"Ni mimi. Wa kwanza pia ni mimi. Simama nyuma yangu, na usimwambie mtu."

Kumwambia mtu wa Morzyca "usimwambie mtu" ni sawa na kumpa kipaza sauti. Kabla ya adhuhuri yule mama alikuwa amempigia dada yake simu kwa siri, dada amemwambia mwenye nyumba kwa siri, na mwenye nyumba alikuwa mwimbaji wa kwaya.

Kapteni alipokuja mchana na gofri za kuwabembeleza akina Kosiba, alikuta foleni imepanda kilima, imeshuka kilima, imeingia msituni. Watu wamekuja na viti, na chupa za chai, na viwambo vyao. Na kwa kuwa foleni ni foleni lakini jua ni jua, walishaanza kujimegea viwanja pembeni.

Kichwa cha Hubert kikachomoza juu ya kiwambo, chekundu kama bitiruti la supu.

"Kapteni! Hawa nao ni wakaguzi?"

"Ni... ni mkutano wao wa mwaka, bwana daktari."

"Nitakwenda kwa mama wa gofri! Leo hii!"

"Nipe hadi kesho! Kesho utakuwa peke yako kama mfalme kaburini!"

Akageuka awafukuze watu, na kweli alikuwa na nia ya kuwafukuza. Lakini mwanamume mmoja mnene mwenye kofia ya majani akamshika kiwiko, akamnong'oneza, "Kapteni, wewe si ndiye mwenye mahali hapa? Nisogeze mbele kidogo," na kitu kikatua katika kiganja chake.

Hapa tumhurumie Bonifacy. Moyo wake ulikuwa kwa Grażyna. Lakini mkono wake ulikuwa na elimu yake wenyewe, elimu ya miaka mingi, nao ukafumba bila kumuuliza. Yule mnene akasogea mbele. Waliomwona wakataka nao wasogee. Kufika alasiri Kapteni alikuwa ameuza nafasi za mbele, nafasi za mbele ya mbele, na nafasi moja maalumu ya "karibu na bibi". Noti zikawa nyingi, akazikunja mviringo, akazifunga kwa mpira mwekundu wa nywele aliouokota mchangani.

"Wanatoa lini?" watu wakauliza.

"Kesho," akasema Kapteni, kwa sababu kesho haijawahi kumshtaki mtu.

Ikawa kesho, na Morzyca nzima ilikuwa pale. Hata wenye viwanja kwenye ufuo wa mjini walihama na viwambo vyao kabla jua halijatoka. Walikuja hata wa vijiji vya jirani. Ufuo ambao haukuwa kwenye ramani ulikuwa sasa hauonekani hata mchanga wake. Kapteni akapenya kati ya mapaja na miavuli hadi kwenye duara lake, akachungulia kupitia mwanya.

Ndani mlikuwa na familia nyingine tatu, zinakula mayai. Akina Kosiba hawakuwapo. Mamba hakuwapo. Kiti cha kukunja hakikuwapo.

Wamekwenda kumshtaki! Aligeuka atoroke, watu wakamzingira. "Kapteni, ni makabati?" "Wanasema ni baiskeli!" "Mimi nililipia mbele, mbona huyu yuko mbele yangu?" Akatumia njia ya mwisho ya mtu mwenye kofia: akanyoosha kidole baharini, akapaza sauti, "Ile pale inaingia!" Wote wakageuka. Akapita chini ya kiwambo kama sungura, akaingia msituni mbio, akiukumbatia mviringo wake. Nguruwe mwitu mmoja alimwona akapisha.

Alipotokea ufuoni mjini, alisimama akapangusa macho.

Ufuo ulikuwa mtupu.

Ufuo wa Morzyca, ule wa kamba za nguo, mwezi wa Julai, mchana kweupe: mchanga tu, kuanzia gati hadi mnara wa taa. Upepo unasukuma mfuko mmoja wa karatasi. Na katikati ya anasa ile yote, Hubert Kosiba amelala chali, kinywa wazi, jambo ambalo mtu angedhani kazi yake inamkataza. Sabina anasoma. Watoto wamejenga ngome kubwa kiasi kwamba sauti zao zilitoka ndani yake. Pembeni, juu ya kiti cha kukunja, Bibi Leokadia anafunga kisigino cha soksi.

"Kaa, Kapteni," akasema. "Chagua popote. Nafasi ipo."

Bonifacy akaanguka kwa magoti. "Bibi... mmefikaje hapa?"

"Kwa miguu. Watu walikuwa wanakuja kwako, sisi tukawa tunatoka. Tulisalimiana njiani."

Polepole, kama taa ya kizamani, akili ya Kapteni ikawaka. Akaruka juu. "Lakini basi nimetimiza! Niliahidi ufuo usio na watu, na huu hapa! Mkubwa kuliko ule! Karibu na choo! Bibi, twende kwa Grażyna, mkaniambie asante!"

"Asante," akasema Bibi Leokadia, akamwacha anyanyue uso, "ina bei."

"Bei? Bibi, asante ni neno! Ni hewa ya mdomoni!"

"Na wewe ulituuzia nini, mwanangu? Mchanga wa serikali na mzee uchi." Akavuta uzi. "Hubert akiamka, neno analolijua ni moja tu, na si asante. Mimi ndiye ninayeweza kusema. Nataka ule mviringo ulio mfukoni mwako."

"Wote?"

"Wote."

"Chukua nusu, bibi. Uniachie nusu."

"Kwa nusu nitasema 'asa'. Iliyobaki atamalizia Ryszard seremala."

"Ryszard umemjuaje?"

"Mji mdogo. Gofri tamu. Mtu anakaa, anazungumza."

Wahenga walisema mjinga akierevuka mwerevu yuko mashakani. Hawakusema mwerevu afanye nini akikutana na bibi ambaye hakuwahi kuwa mjinga. Bonifacy alitazama upande wa kibanda. Grażyna alikuwa amesimama nyuma ya chuma chake, mikono kifuani, bila mteja hata mmoja. Na ndani ya kibanda, jamani, Ryszard seremala alikuwa anapigilia rafu.

Akatoa mviringo. Mkono ulikataa kufumbuka, ikabidi ausaidie kwa mkono wa pili.

Wakaenda. Bibi Leokadia alijipangusa mchanga, akasimama mbele ya chuma, akamtazama Bonifacy usoni kama sharti lilivyotaka.

"Kapteni Dudek," akasema, na sauti yake ikatetemeka kidogo tu, kama ya mtu anayejizuia, "katika maisha yangu nimesimama nyuma ya watu wengi sana. Sikuwahi, hata siku moja, kukaa mahali ambapo mbele yangu hapakuwa na mtu. Leo nimekaa. Mkwe wangu amelala mara ya kwanza tangu aoe. Asante. Asante sana, mwanangu."

Ryszard alishusha nyundo. Bonifacy mwenyewe, aliyejua bei ya kila neno hadi senti ya mwisho, alijikuta anapangusa macho kwa kofia.

"Nimesikia," akasema Grażyna. "Neno langu ni neno. Ryszard, rafu imetosha, asante, nenda na misumari yako."

Ryszard akaenda na misumari yake, na meno yake yote.

Bonifacy alijiona amepata na amekosa kwa wakati mmoja, hali ngeni kwake. Akaingia nyuma ya kibanda, akapewa aproni. Alikuwa bado anafunga kamba zake wakati muuza unga alipokuja kudai chake, na Grażyna akatoa mfukoni mviringo wa noti. Ulikuwa mwembamba kuliko alivyoukumbuka. Lakini ulifungwa kwa mpira mwekundu wa nywele.

Kapteni aliutazama mpira ule hadi muuza unga alipoondoka.

"Grażyna. Huo umeupata wapi?"

"Nusu kwa nusu," akasema Grażyna, akipaka mafuta kwenye chuma. "Umenihamishia wateja wote msituni. Siku mbili nzima rojo limechachuka ndoo kwa ndoo. Ulitaka nilipwe na nani? Na shakwe?"

"Kwa hiyo ile habari ya foleni... mlikaa mkapanga?"

"Alikuja jioni ile ya kwanza. Akaniuliza, huyu wako anapenda nini kuliko fedha? Nikamwambia sijui kama kipo. Akasema, tuone."

Bonifacy alikaa juu ya ndoo. Alipitia hesabu yote tangu mwanzo, kama fundi anavyopitia kazi ya fundi mwenzake, akitafuta mahali palipolegea. Hakupaona. Alikuwa ameuziwa hewa, akalipa kwa mali yake yote, mbele ya mashahidi, akalia machozi ya furaha. Hakuwahi kuona kazi safi namna ile.

"Asante," akasema.

Grażyna akageuka. "Umesema nini?"

"Nimesema asante."

"Ya kulipiwa au ya bure?"

Akafikiri. "Nadhani ya bure."

"Ijaribu tena kesho," akasema Grażyna, lakini alimpa gofri, na safari hii hakumwambia afute krimu.

Akina Kosiba wakamaliza juma lao kwa raha zote, kwani umati wa ufuo wa jeshi haukutoka: wa mbele waliogopa kupoteza nafasi, wa nyuma waliona wa mbele hawatoki, wakasadiki kabisa. Siku ya kuondoka, Bibi Leokadia alipita kibandani akamwachia Bonifacy soksi alizofuma, jozi nzima, saizi yake. Kisha kituoni, kabla ya kupanda treni, alimwinamia mama mmoja asiyemjua aliyekuwa na mizigo.

"Nasikia wamehamisha," akamnong'oneza. "Wanatoa pale mjini, penye gofri. Usimwambie mtu."

Kabla ya adhuhuri ufuo wa Morzyca ulijaa viwambo, na foleni ikaanza mbele ya chuma cha Grażyna, ikapita gati. Wa kwanza kabisa alikuwa yule mnene wa kofia ya majani, anatoka jasho.

"Kapteni! Mimi nililipia mbele!"

Bonifacy akatafuta mlango. Lakini Grażyna aligonga upawa. "Aliyelipia mbele, aje mbele! Krimu au matunda?"

Yule mnene akapokea gofri, akaiuma, akafumba macho. "Kumbe ni gofri," akawaambia wa nyuma yake kwa fahari ya mtu aliyesumbuka. "Mimi nilijua tu kuna kitu." Habari ikarudi nyuma mtu kwa mtu, na hakuna aliyenung'unika.

Alasiri, katika msukumano ule, akafika baba mmoja na mke na watoto na bata wa mpira, amekata tamaa kabisa. Aliona kofia nyeupe yenye nanga nyuma ya mvuke wa chuma, akasogea.

"Kapteni," akanong'ona, "hakuna hapa karibu ufuo usio na watu? Nipo tayari kulipa."

Upawa wa Grażyna ukasimama hewani. Mkono wa Bonifacy ukaanza kufumbuka wenyewe. Akautazama, akauweka ndani ya ndoo ya unga ili utulie.

"Upo," akasema. "Ni huu huu. Njoo Januari."